Kanuni ya Tisa na Maboga Yangu

Jumatatu, 3 Agosti

Leo nimetenda haki. Nina furaha ya mtu aliyekunwa mahali panapowasha.

Maelezo kwa vizazi vijavyo, maana shajara hii siku moja itasomwa. Mchana mimi ni fundi mapazia. Saa zilizobaki, pamoja na zile za mchana ninazoweza kuiba, mimi ni msimamizi wa seva ya mchezo wa kompyuta. Ni mji mzima wa matofali ya rangi. Wachezaji mia na ushee, kila mmoja amekaa kwake, lakini wote tunajenga, tunalima na kugombana mahali pamoja. Huko naitwa Simba wa Sheria. Mwenye seva, mhandisi mstaafu anayefuga nyuki, alitaka kanuni moja tu: watu wawe wastaarabu. Nikamwambia ustaarabu bila vifungu ni maneno ya harusini. Sasa tuna kanuni kumi na nne. Zote nimeandika mimi.

Jumapili ni maonyesho ya mavuno, huko huko mchezoni. Nimelima maboga. Siku kadhaa sasa kuna mkono unayavuna kabla yangu. Leo nimejificha nyuma ya kichaka nikamwona mwizi waziwazi: mchezaji anayejiita Kiboko Mpole. Anavuna huku anarukaruka. Nikamwandikia nikimuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba anayasaidia maboga kutembea.

Kutembea!

Nimemfungia. Kwanza jina. Halafu, kwa kuwa mimi si mtoto wa jana, nikafungia na laini yake, yaani intaneti ya nyumba anamokaa. Asirudi kwa jina jingine, asirudi kwa mashine nyingine, asirudi yeye wala ukoo wake. Nikabonyeza.

Papo hapo skrini yangu ikawa nyeusi. Maandishi mekundu: UMEFUNGIWA NA SIMBA WA SHERIA.

Simba wa Sheria ni mimi. Mimi sijajifungia. Kwa hiyo kuna mtu ameghushi jina langu. Hii ni njama, tena njama yenye harufu ya Mwanyumba.

Mwanyumba ameoa dada wa mke wangu, ndiyo maana tunaitana hivyo, mimi yeye na yeye mimi. Ni mwalimu wa udereva. Ni msimamizi mwenzangu kwenye seva. Naye analima maboga.

Wakati huo huo nilisikia ukelele chumbani kwa mama mkwe. Atakuwa anatazama tamthilia.

Jumanne, 4 Agosti

Nimempigia Mwanyumba, nikamweleza kwa lugha laini kwamba ni mhuni. Akaniambia nipunguze mwendo, niangalie kioo, kisha nianze upya. Huyu bwana anaongea na kila mtu kama yuko kwenye kiti cha mwanafunzi. Akaapa hajagusa kitu. Nikamtaka anifungulie. Akasema angependa sana, Mwanyumba wangu, angependa kutoka moyoni, ila kuna Kanuni ya Tisa.

Naikumbuka Kanuni ya Tisa. Siku ya kuipitisha niliisoma kwa sauti nikajipigia makofi. Aliyefungiwa atakata rufaa mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa amesimama juu ya jiwe la uwanja wa mji. Jiwe liko ndani ya mchezo. Nilitaka kuwakomesha wale wanaoleta vilio vyao pembeni, kwa simu na kwa kujuana.

Mwanyumba akanisomea polepole, neno kwa neno, kama anasoma kibao cha barabarani. Nikamwambia aliyefungiwa hawezi kuingia, sasa kwenye jiwe atasimamaje? Akasema swali hilo hilo aliliuliza yeye siku ile, na mimi nikamwita adui wa utawala wa sheria. Sikumbuki.

Kanuni yenyewe bado ni nzuri. Imemwangukia mtu asiye wake, basi.

Nyumbani kumechafuka. Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mji huu wamepita mikononi mwake na hajawahi kumwogopa hata mmoja wao. Leo hajagusa chai. Anatembea na tableti yake kifuani kama mfiwa na picha ya marehemu. Nilidhani tableti ni ya kujifunzia kufuma. Nikamuuliza kwa heshima, Mama, kulikoni? Akasema, mwanangu, katika nyumba hii mtu mzima ananyang'anywa hata kafuraha kake kadogo. Nikasema pole. Akasema pole haifungui mlango. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi anahamia kwa binti yake mwingine. Yaani kwa Mwanyumba. Huko, alisema, watu wanaheshimiana.

Mke wangu akanifuata jikoni. Akasema hajui nimemfanya nini mama yake, wala hana haja ya kujua. Ila gari litakalombeba mama yake Jumamosi litabeba na kompyuta. Nikauliza itapelekwa wapi. Akasema popote panaponyesha.

Maji yamenifika shingoni. Bila kompyuta hakuna seva. Bila seva mimi ni fundi mapazia tu.

Jumatano, 5 Agosti

Mpango. Mwepesi, kama mipango yote ya watu wakubwa. Laini yangu imefungwa? Nitatumia ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Jina langu limechafuliwa? Nitachukua jipya: Mgeni Mnyenyekevu. Nitapanda jiwe, nimtetee Simba wa Sheria kama mtu baki, umati uwake moto, Mwanyumba anywee, mlango ufunguke.

Kinyozi naye anacheza. Wateja wake wanacheza wakisubiri zamu. Akanipa kiti cha kona na neno la siri la intaneti yake, akaniomba nisipige kelele kwa kuwa wembe wake uko shingoni mwa mtu.

Nikaingia. Uwanja umejaa. Nikapanda jiwe. Sijawahi kuandika vile maishani mwangu. Niliuliza ni nani aliyewakuta wakiishi kama mbuzi akawapa vifungu. Niliuliza ni mji gani ulioinuka kwa kuwatupa nje waliouinua. Watu wakaanza kuandika: kweli, kweli. Mmoja akaandika kwamba amemkumbuka Simba, ingawa alikuwa na mdomo. Machozi yakanitoka. Kinyozi akanirushia taulo, lina nywele.

Hapo nikaliona pazia la ukumbi wa mji, nyuma ya jiwe. Pazia hilo nilishona mimi, kwa sufu nyekundu ya mchezoni, mikunjo sawasawa. Mtu amelitundika upya. Limepanda upande mmoja kama sketi ya mlevi.

Binadamu ana mipaka. Nilishuka kwenye jiwe katikati ya sentensi. Nikalishusha. Nikalitundika sawa. Nikarudi nyuma kulitazama. Nikalisogelea tena kuvuta pindo.

Kisha Mwanyumba akaandika: habari za siku, Mwanyumba.

Kanuni ya Kumi na Moja, nayo yangu, inasema anayerudi kwa jina la uongo afungiwe laini bila maswali. Mwanyumba hakuuliza maswali. Skrini ikawa nyeusi. Zikawa nyeusi na simu za wateja wote waliokuwa kwenye benchi. Kwenye kiti cha kunyolea akainuka mzee mmoja mwenye povu mashavuni, simu mkononi, aliyekuwa amebakiza tofali moja amalize mnara wake. Akaniuliza mimi ni nani hasa. Kinyozi akamwambia subiri, mzee, hata mimi nataka kujua.

Nimetokea mlango wa nyuma.

Hotuba, hata hivyo, ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 6 Agosti

Wazo kubwa! Limenijia nikikata kitambaa cha mteja, na kitambaa nikakikata vibaya kwa furaha. Msamaha wa jumla. Mtu akiomba afunguliwe yeye, ni ombaomba. Akidai wafunguliwe wote, ni mtetezi wa wanyonge. Mlango ni ule ule, ila wa pili anaingia kifua mbele.

Nikampigia mhandisi mwenye seva. Alikuwa kwenye mizinga, nikawa nasikia nyuki kuliko ninavyomsikia yeye. Nikamwambia kuna watu wetu wako uhamishoni. Nikamwambia wamepondwa na sheria zisizo na utu, zilizotungwa na mtu asiyejua maumivu. Akauliza, si ulizitunga wewe? Nikamwambia huu si wakati wa kutafuta nani kaandika nini. Nikaendelea. Nikafika mahali pazuri sana, penye mama anayemngoja mwanawe mlangoni. Akasema sawa, sawa, nyuki ameingia kofiani, nawafungulia wote.

Kabla ya chakula cha mchana majina yote yalikuwa huru. Nikakimbilia kompyuta.

Nyeusi. UMEFUNGIWA.

Nikampigia tena. Akanieleza kwa upole kwamba amefungua majina. Laini hakuzigusa, kwa sababu Kanuni ya Kumi na Mbili inasema laini si mtu, haina moyo wa kujuta, kwa hiyo haisamehewi milele. Akauliza ni nani anaweza kuandika kitu kama hicho. Nikakata simu.

Kwa hiyo wahalifu wote wako ndani. Nje tumebaki mimi, kinyozi, yule mzee wa povu na, angalau hilo, Kiboko Mpole.

Mwanyumba amekuwa akinipigia kunipa habari. Anazipakua taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Mchimbuaji amerudi, yule anayechimba mashimo chini ya vitu vya watu ili vizame, maktaba imeshazama. Kasuku amerudi, yule anayerudia kila neno unaloandika. Mkutano wa dharura umekwama kwenye salamu. Bi Kuku amerudi na kuku. Kuku wa mchezoni ukiwapa mbegu wanazaana hapo hapo, na Kasuku amewapa mbegu, kwa sababu alimwona Bi Kuku akiwapa. Mwanyumba akasema ukumbini haoni sakafu. Nyuma yake mkewe alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Nikauliza kuhusu maboga yangu. Akasema limebaki moja, limekaliwa.

Mama mkwe ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Ijumaa, 7 Agosti

Leo mhandisi amepiga mwenyewe. Amechunguza. Akasema laini iliyofungwa Jumatatu ilifungwa na Simba wa Sheria, akimlenga Kiboko Mpole. Nikasema najua, kazi safi ile. Akasema laini hiyo ni ya nyumbani kwako. Nikasema haiwezekani. Akasema Kiboko Mpole anaingia kwa intaneti ile ile ninayoingilia mimi, siku zote, na hakuna aliyeghushi jina la mtu. Kisha akauliza kwa sauti ya daktari mwenye majibu mkononi: kuna mtu mwingine anayecheza hapo ndani?

Nikamwambia hakuna. Mke wangu anauchukia mchezo kama ukoma. Aliyebaki ni mama mkwe tu, na yeye ana tableti yake ya kujifunzia kufu...

Nikaketi juu ya robota la kitambaa.

Nikabisha hodi kwa mama mkwe kwa adabu zote, macho chini. Akasema karibu, mwanangu, au tuseme karibu, Simba. Nikamuuliza, Mama, ina maana wewe ndiye Kiboko? Akasema ndiye, na upole pia ni wake. Alijuaje kwamba Simba ni mimi? Akasema ninapoandika huwa natamka. Nyumba nzima inajua. Mke wa jirani ameikariri Kanuni ya Saba.

Halafu maboga. Sikujua mkwe anaulizwaje habari za maboga. Akanirahisishia: aliyachukua, akayapeleka soko la mchezoni, akabadilisha na sufu. Na sufu aliifanyia nini? Akanitazama kama anavyomtazama mwanamume anayezimia wodi ya wazazi. Akanionyesha dirisha lake.

Dirisha limezibwa kwa shuka. Limepigiliwa misumari.

Akasema tangu ahamie hapa anamwomba mkwe wake, fundi mapazia, pazia moja. Anajibiwa kesho. Basi kule mchezoni amejijengea kijumba, na kila dirisha amelivika. Na kwa kuwa pazia lake lilikuwa na mtu wa kulitoa, aliona litoke kwenye maboga ya mtu huyo huyo. Jua la asubuhi likimpiga usoni kitandani, anafungua tableti, anaingia kule, anakaa nyuma ya mapazia yake. Sasa hata huko amefukuzwa. Akajifanya anatafuta miwani.

Nikalitazama lile shuka. Jua limelipausha kote, limebaki jeupe kama karatasi.

Nikamweleza kwamba kisheria ule bado ni wizi. Akaniomba nimpishe afunge sanduku.

Jumamosi, 8 Agosti

Mpango wa mwisho: rushwa. Nimshonee pazia, alainike, abaki, kompyuta ibaki. Nashangaa hakuna aliyelifikiria hili mapema.

Cherehani ilikuwa sakafuni tangu kompyuta ichukue meza. Nikaipandisha. Soketi zote zimejaa: kompyuta, skrini, spika, feni. Kuzima kompyuta siku ambayo huenda ndiyo ya mwisho wake lingekuwa jambo la kinyama. Nikachomoa kisanduku cha intaneti. Wiki nzima kinaniwashia vitaa vya kijani na hakijanifaa kitu.

Nikashona. Kitambaa kizito rangi ya asali, nilichokuwa nimeiwekea hoteli fulani, na bitana nyuma. Mkasi unakwenda wenyewe. Mke wangu alikuja mlangoni, akatazama, akaondoka, akarudi na pini.

Nje, Mwanyumba amewasili kumchukua mama mkwe. Amekuja na gari la chuo, mwanafunzi kwenye usukani, kwa kuwa hawezi kuiacha fursa ya kufundisha impite. Mwanafunzi akaamriwa aingie getini kinyumenyume. Nikawa nasikia kupitia dirishani: polepole, kioo, kulia, kulia kwako dada, siyo kulia kwangu. Gari likaingia, likatoka, likalikumbatia pipa la taka, likatoka. Sijawahi kumpenda mwanafunzi wa mtu kama nilivyompenda yule dada. Likagonga pipa mara ya pili, nikamaliza pindo.

Nikaling'oa shuka na misumari yake. Nikatundika bomba, pete, pazia. Mama mkwe amesimama, sanduku mkononi. Akalivuta likafunga. Akalivuta likafunguka. Akalifunga tena, na chumba kikajaa kiza chepesi cha rangi ya asali. Akaliweka sanduku chini. Akakaa kitandani. Akasema pindo la kushoto limezidi. Nikamwambia haliwezi kuzidi, mimi ni fundi. Nikapima. Limezidi.

Nikalikata, nikalishona upya, nikazima cherehani, nikarudisha kisanduku kwenye soketi yake. Vitaa vikawaka. Baada ya muda mfupi, nyuma ya pazia jipya, ukelele. Ule ule wa Jumatatu, ila huu ulipanda badala ya kushuka. Nikakimbia. Mama mkwe ameinyanyua tableti kwa mikono miwili kama anayemwonyesha mzazi mtoto wake. Ameingia. Nikarudi mbio kwenye kompyuta. Nimeingia! Uwanja, jiwe, kuku.

Mwanyumba, alipofanikiwa kufika ndani, akaeleza kwamba laini za majumbani hubadilika namba kisanduku kikizimwa na kuwashwa. Laini iliyofungwa sasa si yetu tena, na jina la Mama lilishasamehewa Alhamisi. Akasema ningechomoa waya Jumatatu, tungeshasahau. Nikamwambia huo ni mtazamo wa kiufundi. Aliyetufungulia ni msamaha wa jumla. Ulichelewa njiani, kama mageuzi yote makubwa.

Mama mkwe akampigia kinyozi simu kumpa siri ya waya. Yule mzee amemaliza mnara. Kisha Mama akamwambia Mwanyumba arudi salama, yeye ana pazia lake. Yule dada aliomba asiambiwe kugeuza gari tena.

Kompyuta inabaki. Nimeibusu. Mke wangu ameniona.

Jumapili, 9 Agosti

Maonyesho. Nafasi ya kwanza: Kiboko Mpole, kwa boga moja kubwa la kupendeza. Nililitambua. Nilikaa kimya, kwa sababu ukutani upande wa pili nilisikia mtu akicheka kwa kujizuia.

Nafasi ya pili: Mwanyumba.

Boga langu lililobaki nililiweka mbele ya majaji, nikamwondoa kuku, nikapiga hatua nyuma. Likazama. Mchimbuaji alikuwa amechimba chini yake. Nikaruka kulifuata, nikazama nami. Yote niliyoandika nikiwa shimoni, Kasuku ameyarudia uwanja mzima, kwa utulivu, moja baada ya jingine.

Nimemfungia Mchimbuaji jina. Amerudi na jingine. Nimemfungia laini. Amechomoa kisanduku, amerudi, amemshukuru Kiboko Mpole kwa kusimulia uwanjani habari za waya.

Basi nimekaa, nimetafakari, na kosa la wiki hii nimeliona. Sikuwa mkali vya kutosha. Kufungia laini moja ni kazi ya mwoga. Namba hizi zinatoka kwenye kampuni, zina ukoo. Ukiufungia ukoo mzima, mhalifu achomoe waya mpaka vidole viote sugu, atapewa namba ya ukoo ule ule. Nimeandika Kanuni ya Kumi na Tano. Fupi, imenyooka. Nimeisoma kwa sauti. Mama mkwe amegonga ukuta akiuliza ni nini tena. Nimemwambia ni mambo ya utawala, Mama, wewe pumzika na pazia lako.

Nimechunguza Mchimbuaji anatumia kampuni gani. Anatumia hii hii tunayotumia sisi. Kinyozi pia anaitumia. Mwanyumba pia. Inaonyesha jinsi waovu wanavyopenda kujichanganya na watu wema.

Nimebonyeza.

Skrini nyeusi. Ukelele chumbani. Ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, kelele za benchi zima. Simu inaita: Mwanyumba. Ukutani nasikia pete za pazia zikivutwa kwa nguvu, halafu nyayo.

Maandishi ni mekundu, yale yale: UMEFUNGIWA NA SIMBA WA SHERIA.

Mhandisi aseme atakavyo. Mghushi amerudi.